Njia ya Magharibi

Htanaung Kone
9 Februari 2022

Dada Yin Mar,

Simu zimekufa tangu tuanze kung'oa vitunguu, kwa hiyo usidhani nimekununia. Barua hii anakuletea Shangazi Mya Pu, yule muuza tofu ya dengu anayeruhusiwa kuingia kwenye kota zenu za jeshi asubuhi. Ataiweka chini ya majani ya mgomba, na wewe utajibu kwa njia hiyohiyo. Mpe maji, anatembea sana.

Baba hajambo ila hasikii la mtu. Jeshi limechoma vijiji viwili ng'ambo ya mto. Moshi tuliuona hapa, na yeye asubuhi hiyohiyo akajifunga kamba yake ya ugema akapanda mvumo kugema utomvu wa sukari kama kawaida. Nikamwambia, "Baba, watu wanahama." Akanijibu kutoka huko juu, "Waambie watangulie, mimi nina vyungu vya kuteremsha." Jioni alikoroga sukari yake kwenye karai, akalalamika kuni mbichi. Hilo ndilo lililomuudhi siku ile: kuni mbichi.

Mimi nafundisha watoto kwenye baraza la monasteri. Shule ya serikali tuliisusa tangu majenerali walipojichukulia nchi, na kila mwalimu aliyesusa jina lake wanalo. Vijana niliowafundisha kuandika wamechukua bunduki za kuwindia wakajiita walinzi wa kijiji. Nawaona wakipita na ndala zao, nashindwa kucheka.

Sasa sikiliza. Shemeji ni sajini. Anajua msafara unatoka lini na unapita wapi. Sitaki siri za jeshi, nataka neno moja tu. Unajua kijiji chetu kina njia mbili: ya mashariki kwenye mashamba ya ufuta, na ya magharibi kwenye korongo. Tukijua wanakuja kwa ipi, tutatokea kwa nyingine. Usiniambie huwezi kabla hujajaribu.

Na mwambie Shemeji bado nasema ulistahili mume mwenye meno mazuri zaidi.

Mdogo wako,
Nyo Sein

*

Kota za jeshi
21 Februari 2022

Nyo, mdogo wangu,

Nimesoma barua yako bafuni, maji yakimwagika ili isisikike karatasi. Ndivyo tunavyoishi. Zamani geti hili lilikuwa la kuzuia watu wasiingie. Siku hizi wake za askari tunapangiwa zamu ya lindo, tumefundishwa kushika bunduki, na jioni mke wa kapteni anatupanga mstari anatuhesabu. Mama akitoka kwenda sokoni, mtoto anabaki. Mtoto akitoka kwenda kwa daktari, mama anabaki. Wawili pamoja hawatoki. Wanasema ni kwa usalama wetu. Chit Su wangu ana miaka saba na mchezo wake ni kusimama mlangoni na fimbo akiuliza watu, "Ruhusa yako iko wapi?"

Unataka nimuulize Htay Lwin. Nyo, yeye anaendesha lori la chakula tu, mchele na mafuta ya kupikia. Hajawahi kumwelekezea mtu bunduki. Aliniapia, nami nakuapia. Watu wa kijijini wakimsema vibaya, uwaambie hivyo.

Lakini ujue na huku wanasemaje kuhusu ninyi. Jirani yangu wa ukuta, mumewe alilipuliwa na bomu la njiani. Aliletewa saa yake na mkanda. Tangu hapo, akisikia kijiji kimechomwa anapika wali wa nazi na kugawa nyumba kwa nyumba. Wiki iliyopita alileta kwangu. Nilikula. Alisimama mlangoni ananitazama nikila, ningefanyaje? Alikuwa mwanamke mpole, Nyo. Ndiye aliyenikanda mgongo nilipomzaa Chit Su.

Nitamuuliza, lakini kwa akili na kwa wakati wangu. Usinisukume. Mwambie Baba asipande miti yenye unyevu.

Dada yako,
Yin Mar

*

Kota za jeshi
12 Machi 2022

Nyo,

Sina nafasi, Shangazi anasubiri mlangoni.

Wanatoka kabla ya sikukuu ya mwezi mpevu. Watapita njia ya mashariki, ya ufuta. Amenitamkia mwenyewe akifunga kamba za viatu, sikumlazimisha. Tokeni kwa magharibi, pitieni korongo, mkae msituni hadi wapite.

Mwambie Baba neno hili ni langu, si lako. Langu hulisikia.

Choma karatasi hii.

Y.

*

Kota za jeshi
30 Machi 2022

Nyo, mdogo wangu,

Kila asubuhi nainua majani ya mgomba na chini yake naona tofu. Shangazi Mya Pu anasema barabara ya kwenu imefungwa na hajaonana na mtu wa Htanaung Kone. Najiambia mmesogea mbali, mko salama na huna karatasi.

Htay Lwin amerudi. Anaingia bafuni anajimwagia maji hadi pipa linakwisha, kisha anakaa humo humo sakafuni. Nilimuuliza kama walipita kwetu. Akasema hajui, lori lilikuwa nyuma. Chit Su akamuuliza, "Baba, hukuniletea sukari ya Babu?" Akamfukuza kama anavyofukuza kuku, mtoto ambaye hajawahi hata kumkaripia.

Baba aliwezaje kushuka korongoni na umri ule? Nilifikiria tu mawe yale usiku kucha, nikajilaumu kwamba sikukukumbusha abebwe na mtu. Niandikie hata mstari mmoja. Nitukane kama unataka, ila uandike.

Yin Mar

*

Kambini, msituni
17 Aprili 2022

Dada,

Baba amekufa. Nimeliandika kwanza ili usisome barua yote ukilitafuta.

Shangazi Mya Pu ametufikia huku kwa kupita msituni. Nilipeleka neno lako kwa wazee wa kijiji. Wengine walisema tungoje, wengine walisema bora tutawanyike kila mtu na njia yake. Nikasema nina uhakika. Baba alikuwa juu ya mvumo. Nikamwambia ni neno la Yin Mar, akateremka papo hapo. Alivaa shati lake la sikukuu. Alitangulia mbele korongoni, anawaonyesha wenye watoto pa kukanyaga, na kila aliyelalamika alimjibu, "Binti yangu mkubwa yuko ndani ya jeshi, anajua."

Pale korongo linapopinda askari walikuwa wamekaa juu, pande zote mbili. Walikuwa wanakula biskuti. Hilo nililiona vizuri, mmoja alikuwa anakung'uta chenga za biskuti mapajani. Hawakutuita wala hawakutuambia tusimame.

Mimi nilikuwa nyuma na mama mwenye mapacha, ndiyo sababu naandika. Tulilala chini ya gari la ng'ombe lililopinduka, ng'ombe akitufia juu. Waliotangulia karibu wote wamekwisha. Kisha askari wakapanda kijijini wakachoma, hata vichwa vya mivumo viliungua. Tulirudi baada ya siku kadhaa kuwakusanya wetu. Baba nilimjua kwa shati.

Sasa nisikilize mimi niliyebaki. Kamati ya kambi inaniuliza neno lile nililitoa wapi. Mkuu wa walinzi ni mwanafunzi wangu, niliwahi kumpiga fimbo kwa kuchelewa. Ananiita Mwalimu bado, na ameweka kijana mlangoni kwangu ili nisitoke nje ya ua wa jikoni. Sijakutaja. Wiki iliyopita walimpiga risasi mwanamke aliyekuwa akiuza tambuu njia panda, kwa kuwa kaka yake ni polisi. Walisema alipasha habari. Hakuna aliyeleta ushahidi, na hakuna aliyeuulizia, hata mimi. Tulikuwa tumetoka kuzika, tulitaka mtu wa kulaumu. Nilimjua, Dada. Kwetu hakuwahi kufika.

Kwa hiyo wewe una geti na mimi nina ua wa jikoni.

Nina swali moja, lijibu hilo usizunguke. Uliniuza, au uliuzwa?

Nyo Sein

*

Kota za jeshi
29 Aprili 2022

Nyo,

Hapa huwezi kumlilia mtu aliyekufa upande wenu. Nimejifunga kitambaa shavuni nikawaambia majirani jino linaniuma. Mwenye wali wa nazi akaniletea karafuu. Nimelia siku zote hizi kwa jina la jino.

Htay Lwin aliporudi toka zamu nilimpa sahani nikakaa mbele yake. Chit Su alikuwa nje. Nikasema, "Baba amekufa korongoni."

Akaendelea kutafuna. Akasema, "Nani kakwambia?"

"Kumbe ulijua."

"Nilimwona."

"Wewe si ulikuwa na lori?"

"Lori nimeliacha tangu mwaka jana. Nilikwambia lori ili ulale."

Nikamuuliza kwa nini aliniambia mashariki. Hapo akaweka kijiko chini. Anasema kapteni alimwita peke yake, akamwambia tunapita mashariki, usimwambie mtu. Hakuna mwingine aliyeambiwa. Naye alipokuwa anafunga viatu aliona mimi nina hofu juu yenu, akanitamkia, akidhani anawaokoa. Wakiwa njiani kapteni akageuza msafara kuelekea korongoni. Akamgonga bega: "Sajini, tukaone kama kuta za kota zina masikio." Watu walipotokea kwenye kona, kapteni alicheka. Hakucheka kwa furaha, anasema, alicheka kama mtu aliyeshinda karata.

Nikasema, "Mbona hawajanikamata?"

Akasema, "Una faida. Watakutumia tena."

Unaona nilipo, Nyo? Nikinyamaza, mnaungua. Nikisema, sijui nasema la nani. Kila anachoniambia mume wangu sasa siwezi kujua kama amekisikia au amepewa akilete. Na yeye mwenyewe hajui.

Umeniuliza swali moja. Niliuzwa. Lakini barua ile niliiandika mimi, na Baba alishuka mtini kwa jina langu. Usinipunguzie hilo.

Nitaje kwa kamati yako. Wewe uko karibu na bunduki zao kuliko mimi.

Yin Mar

*

Njiani na kikosi
8 Mei 2022

Shemeji Nyo Sein,

Mimi Htay Lwin. Sijui kuandika barua isiyo ripoti, kwa hiyo nitaandika kama ripoti.

Korongoni nilifyatua. Askari akiulizwa husema alipiga hewani. Mimi nilipiga mbele yangu. Sijui risasi zangu zilimpata nani. Mzee nilimwona baada ya amri ya kusimama, alikuwa tayari amelala. Sikumgeuza. Niliogopa kapteni angeuliza namjuaje, ingawa alijua.

Kijijini niliambiwa nichome kuanzia kisimani. Nilichoma. Nyumba ya pembeni ya kisima yenye mlango wa buluu niliichoma mimi.

Yin Mar ameniuliza kwa nini. Nimefikiri nikimjibu yeye nitajitetea, afadhali nikujibu wewe. Mwezi wa kumi na moja dereva aliyekaa kiti cha pembeni yangu alikatwa mapaja na bomu, nikamshikilia hadi akafa, na mahali pale palikuwa karibu na kijiji ambacho wanawake wake walikuwa wametupa maji ya kunywa. Tangu siku ile kila nyumba naiona ina waya wa bomu. Mwanajeshi akikataa amri anatangulizwa njiani mbele ya wote, akanyage kwanza. Wake zetu wako getini. Kapteni hatuambii tunakwenda kwa watu, anasema tunakwenda kusafisha. Mara ya kwanza kiberiti kiliniponyoka. Mara ya tatu nilikuwa nafikiria njaa. Hiyo mara ya tatu ndiyo inayonitisha.

Jambo la haraka: kabla ya kuondoka tulifukia mabomu kwenye njia ya kisima na mashamba ya ufuta ya upande wa chini, ili mkirudi myakanyage. Mengi niliyafukia kwa mikono yangu na nakumbuka mahali. Wazuie watu wasirudi.

Naweza kuja kuyatoa. Naweza kuja mbele ya kamati yenu niseme neno la mashariki lilitoka kwa nani, ili wakuachie. Lakini nikitoroka leo, kesho Yin Mar na Chit Su watalipa. Mtoto akitoka kwanza, nitakuja. Sikuombi unisamehe. Naomba pa kumweka mtoto.

Htay Lwin

*

Kambini
20 Mei 2022

Htay Lwin,

Barua yako ya mabomu imechelewa. Watu wawili walirudi kuchota maji, bomu likawaua. Mmoja ni yule mama mwenye mapacha niliyelala naye chini ya gari la ng'ombe. Mapacha wako hapa, wamefundishwa kuniita Mwalimu, sasa wananiita Mama na siwakatazi.

Nyumba yenye mlango wa buluu ilikuwa ya mwanamke mjane anayefuma vikoi. Yuko hai. Nilimsomea mstari wako. Alisema tu, "Mlango ule niliupaka rangi mwaka jana."

Kamati ilisomewa yote. Nusu wanasema ni mtego mwingine, kwanza mnatuita korongoni, sasa mnatuita kisimani. Mkuu wa walinzi ameamua hivi: mimi naachwa hadi uje. Ukija na ukasema uliyoandika, mimi niko huru. Usipokuja, au ukija na watu nyuma yako, mimi ndiye nitakayeulizwa, na hapa watu hawaulizwi mara mbili. Sijakuambia ili unihurumie. Ujue tu kwamba sasa nami niko kwenye kamba yako.

Wewe sikuahidi kitu. Wakitaka kukuua sitasimama katikati.

Mtoto mleteni.

Nyo Sein

*

Kota za jeshi
6 Juni 2022

Nyo, mdogo wangu,

Aliyekukabidhi barua hii ni Chit Su. Amekua kuliko ulivyomwacha. Akikuuliza ruhusa yako iko wapi, mwambie umeisahau nyumbani, atacheka.

Nilimpa maji ya tumbaku kidogo akatapika mbele ya mke wa kapteni. Nimefanya hivyo kwa mwanangu, nimeyashika mabega yake akitapika. Wakamruhusu kwenda kwa daktari wa mjini na Shangazi Mya Pu, mimi nabaki, kama sheria yao ilivyo. Shangazi akimaliza safari hii na yeye anahamia kwa dada yake, hatauza tofu hapa tena. Nimemwambia akutajie anwani ya huyo dada, ukitaka kuniandikia siku za mbele.

Htay Lwin yuko na msafara. Habari ya mtoto itamfikia kwa njia yetu, kisha atajua la kufanya. Najua unachouliza. Kwa nini nami nisitafute upenyo? Nyo, nikikosekana kwenye mstari wa jioni, simu ya upepo italia kwa kapteni kabla giza halijaingia, naye watamfunga palepale alipo. Nikiwepo, nikajibu jina langu, anapata jioni moja, mbili, labda zaidi. Yule mwanafunzi wako, mkuu wa walinzi, anakungoja umlete mtu huyu akiwa hai, la sivyo ni wewe. Basi mtu mmoja lazima asimame kwenye mstari aseme "Nipo". Nitasema.

Nilimwambia Htay Lwin hivyo siku alipoondoka. Alikataa. Nikamwambia, "Umeshatii amri ngapi za watu usiowapenda? Tii hii." Akakaa chini kwenye ngazi, akavaa viatu, na kamba akanipa mimi nizifunge.

Nikifungwa na tukaandikiana, kutakuwa na macho juu ya karatasi. Htay Lwin tumwite fundi wa kisima.

Chit Su anaogopa kulala upande wa ukutani. Hapendi samaki mwenye kichwa. Mwoshe nywele kwa maji ya uvuguvugu.

Yin Mar

*

Gereza la wilaya
14 Novemba 2022

Kwa ndugu yangu Nyo Sein, kwa mkono wa dada wa Mya Pu,

Tunaruhusiwa ukurasa mmoja, na ofisi huusoma kwanza. Mimi ni mzima. Nimehukumiwa miaka, nimepewa kazi ya kushona magunia. Chakula kipo. Tunalala wengi, kwa hiyo baridi si kali.

Kuna mwanamke humu aliyekuwa jirani yangu wa ukuta kule kota. Mdogo wake alitoroka jeshini, wakamchukua yeye. Tunalala mkeka mmoja. Haniulizi kitu, nami simuulizi.

Tafadhali nijulishe afya ya mtoto. Anakula? Anasoma?

Na yule fundi wa kisima niliyemwelekeza kwenu, alifika? Nilimwamini akafanye kazi, na sijapata jibu tangu Juni. Kama hakufika niambie hakufika. Nimekwisha kuzoea kusubiri, ila kusubiri bila kujua ninachosubiri kunanichosha zaidi ya magunia.

Yin Mar

*

11 Desemba 2022

Dada,

Mtoto anakula. Anasoma na mapacha wawili ninaowalea, anawatawala kama kapteni, nimemkanya. Nywele zake namwosha kama ulivyoagiza. Analala katikati.

Fundi wa kisima alifika. Alichelewa, alikuja peke yake na miguu imevimba. Wenye kisima walikusanyika, akasimama mbele yao, akaeleza kazi aliyoiharibu, sehemu moja baada ya nyingine, hakuruka. Aliyesema zaidi siku ile ni mama mmoja mfumaji. Alimuuliza, "Ulipokuwa unafanya, ulikuwa unafikiria nini?" Akajibu, "Njaa." Watu walikasirika sana kwa jibu hilo. Baadhi walitaka aondolewe moja kwa moja. Mfumaji akasema, "Huyu mwacheni. Wengine wote watatuambia uongo." Ndipo wakamwacha. Mimi sikusimama katikati, kama nilivyomwahidi. Nilikaa nikitazama miguu yake.

Maneno yaliyokuwa yanasemwa juu yangu yamekwisha. Natoka nje ya ua siku hizi.

Njia ya kisima ameisafisha, na mashamba ya ufuta sehemu kubwa. Vidole viwili vya mkono wa kushoto amevipoteza kazini. Anaendelea. Watu wanapita njia ile sasa, wanachota maji, na hawamsalimii. Anakaa kibandani upande wa pili, kila siku anakula huko peke yake. Hajawahi kuomba aje upande huu.

Chit Su ndiye anayempelekea sahani. Anamwita anavyomwita, kwa sauti, mbele ya watu waliofiwa, nao wanageuza nyuso. Hilo siwezi kumkataza mtoto.

Wiki hii mtoto alishikwa na homa. Usihofu, imeshuka. Siku aliyolala hapakuwa na mtu wa kupeleka wali, kila niliyemtazama alipata kazi ya kufanya. Nikauchukua mwenyewe, na mboga chachu ya majani ya rozela juu yake. Nilikusudia kuuweka chini mlangoni na kuondoka. Fundi akainuka akaipokea sahani kwa mikono yote miwili, ule mzima na ule mbovu. Sahani ilikuwa ya kuazima, ikabidi nisubiri. Nikasimama hapo hadi akamaliza. Akaiosha, akanirudishia.

Najua ungetaka nikuandikie zaidi ya hapo, Dada. Sina zaidi. Ndipo nilipofika.

Mdogo wako,
Nyo Sein